Kompyuta za Hospitali Zinapofungwa kwa Kikomboleo: Yanayotokea na Namna ya Kujikinga

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

Mgonjwa anayefika katika hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Shinyanga au Geita, huacha kumbukumbu katika kompyuta kabla hajaonana na daktari. Mapokezi huingiza jina lake na kumpa namba. Dirisha la malipo humtolea namba ya kulipia au huhakiki kadi yake ya bima. Daktari huagiza vipimo, maabara hurejesha majibu, na famasia husoma dawa zilizoandikwa na kuziondoa katika hesabu ya stoo. Kazi hiyo, ambayo zamani ilibebwa na majalada ya karatasi kutoka chumba kimoja hadi kingine, sasa hupita katika mfumo wa kielektroniki kwa muda mfupi.

Faida za mabadiliko hayo zinaonekana. Mapato yanayopita katika mfumo ni vigumu kupotea njiani, dawa zinahesabika, na historia ya mgonjwa haitegemei tena jalada lililowekwa kwenye rafu isiyo yake. Hata hivyo, taarifa zinazokusanywa mahali pamoja zinaweza pia kufungwa mahali pamoja. Katika nchi kadhaa duniani, wahalifu wamezifunga kompyuta za hospitali na kudai fedha ili wazifungue, na wagonjwa wamelipa gharama ya kusubiri.

Makala haya hayatangazi tukio lolote lililotokea katika hospitali za Kanda ya Ziwa. Yanaeleza uhalifu huo unavyofanyika, kwa nini hospitali hulengwa, mafunzo yanayotokana na matukio ya kwingine, na wajibu wa taasisi na wa mwananchi katika kujikinga.

Kikomboleo cha mtandaoni ni nini?

Kikomboleo ni malipo yanayodaiwa ili kitu au mtu aliyeshikwa aachiliwe. Katika uhalifu huu kinachoshikwa ni taarifa. Mhalifu huingiza katika mtandao wa taasisi programu haribifu ambayo hubadilisha kila faili inayoikuta kuwa maandishi yasiyosomeka. Faili haziondoki mahali pake, bado zinaonekana kwenye kompyuta, lakini haziwezi kufunguliwa bila ufunguo maalumu wa kidijitali ambao mhalifu peke yake anao. Kisha hutokea ujumbe kwenye skrini unaotaja kiasi kinachodaiwa, kwa kawaida katika sarafu za kidijitali ambazo ni vigumu kumfuatilia mpokeaji wake, pamoja na muda wa mwisho wa kulipa.

Tofauti ya uhalifu huu na wizi wa kawaida ni muhimu kueleweka. Mwizi wa kawaida huchukua kitu ili akakiuze kwa mtu mwingine. Mdai kikomboleo humuuzia mwenye mali mali yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo, hahitaji taarifa zenye thamani sokoni. Anahitaji taarifa ambazo mwenyewe hawezi kukaa bila kuzisoma. Orodha ya wagonjwa waliolazwa wodini na vipimo vyao vya jana haina mnunuzi mitaani, lakini kwa muuguzi wa zamu ya usiku haina mbadala.

Katika miaka ya karibuni wahalifu wameongeza shinikizo la pili. Kabla ya kufunga mfumo, hunakili taarifa na kuzihamisha, kisha hutishia kuzitangaza hadharani endapo hawatalipwa. Taasisi yenye nakala nzuri za akiba inaweza kurejesha kazi zake, lakini haiwezi kurudisha siri iliyokwisha kutoka.

Uhalifu ulioanza na disketi za Ukimwi

Uhalifu huu si mpya, na historia yake inaigusa sekta ya afya na Afrika Mashariki tangu mwanzo. Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa njia ya posta kwa watafiti, taasisi na wasomaji wa magazeti ya kompyuta katika nchi mbalimbali, wakiwamo washiriki wa mkutano wa kimataifa kuhusu Ukimwi. Disketi hizo zilieleza kuwa zina programu ya kutoa taarifa kuhusu ugonjwa huo. Baada ya kompyuta kuwashwa mara kadhaa, majina ya faili yalibadilishwa yakawa hayatambuliki, na skrini ikamtaka mtumiaji apeleke dola 189 za Marekani kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Aliyeshtakiwa kwa kosa hilo alikuwa Joseph Popp, mtaalamu wa baiolojia kutoka Marekani ambaye alikuwa amewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Mahakama nchini Uingereza iliona kuwa hali yake ya akili haimruhusu kusimama kizimbani.

Mbinu ya Popp ilikuwa dhaifu na wataalamu waliifungua haraka. Kilichobaki ni wazo lenyewe: kumfungia mtu taarifa zake na kumuuzia ufunguo. Intaneti ilipoenea na sarafu za kidijitali zilipopatikana, wazo hilo lilipata njia ya kusambaa na njia ya kulipwa. Leo hii makundi ya wahalifu hugawana kazi: wapo wanaotengeneza programu, wapo wanaouza nywila zilizoibwa, na wapo wanaofanya shambulio lenyewe na kugawana mapato.

Wahalifu huingiaje?

Wengi hudhani kuwa uvamizi wa aina hii unahitaji ujuzi usio wa kawaida. Ukweli ni kwamba milango inayotumika mara nyingi ni ya kawaida, na ipo karibu katika kila ofisi.

Mlango wa kwanza ni barua pepe. Mtumishi hupokea ujumbe unaofanana na ankara ya msambazaji wa dawa, barua ya uhamisho au mwaliko wa semina. Anafungua kiambatisho, na kwa kitendo hicho programu ya mhalifu inaingia katika kompyuta yake.

Mlango wa pili ni nywila. Nywila moja ikitumiwa na watumishi wote wa kitengo, au ikibandikwa kwa karatasi pembeni ya skrini, haimlindi mtu yeyote. Hatari ni kubwa zaidi pale mfumo unaporuhusu watumishi au mafundi kuingia wakiwa mbali bila uthibitisho wa hatua ya pili, kama vile namba ya siri inayotumwa kwenye simu.

Mlango wa tatu ni programu zisizohuishwa. Watengenezaji wa programu hutoa masasisho yanayoziba kasoro zilizogunduliwa. Kompyuta isiyohuishwa hubaki na kasoro ambayo wahalifu wote wamekwisha kuifahamu. Hali ni hiyo hiyo kwa programu za bandia zilizopakuliwa bila leseni.

Mlango wa nne ni flashi. Flashi inayotoka kwenye duka la kuchapisha nyaraka, ikaenda kwenye kompyuta ya nyumbani na hatimaye kwenye kompyuta ya hospitali, hubeba kila ilichokikuta njiani.

Baada ya kuingia, mhalifu hafungi mfumo papo hapo. Hukaa kimya kwa siku au wiki akitafuta mahali seva zilipo, nani ana mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na hasa nakala za akiba zimewekwa wapi. Hushambulia baada ya kujua kuwa anaweza kufunga au kufuta na akiba pia, na mara nyingi huchagua usiku, mwisho wa wiki au sikukuu, wakati watumishi ni wachache.

Kwa nini hospitali?

Sababu ya kwanza ni muda. Kiwanda kinaweza kusimama siku tatu kikapata hasara ya fedha. Hospitali haiwezi kumwambia mama mwenye uchungu wa kujifungua arudi baada ya siku tatu. Mhalifu anajua kuwa kila saa inayopita inaongeza shinikizo kwa uongozi wa hospitali.

Sababu ya pili ni wingi wa vifaa. Mashine za maabara, mionzi na uchunguzi mara nyingi huendeshwa na kompyuta zilizonunuliwa pamoja nazo, na hudumu kwa miaka mingi kuliko programu zilizomo ndani yake. Mashine ya picha inaweza kuwa bado inafanya kazi vizuri ilhali programu yake imekwisha kuacha kupata masasisho.

Sababu ya tatu ni usiri. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti kuliko zote. Mtu anaweza kubadilisha nywila au laini ya simu. Hawezi kubadilisha majibu ya vipimo vyake.

Mafunzo kutoka kwingine

Mei 12, 2017, programu haribifu iliyopewa jina la WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Nchini Uingereza, takriban theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma katika eneo la England ziliathirika, na inakadiriwa kuwa miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Kasoro iliyotumika ilikuwa imetolewa sasisho na kampuni ya Microsoft miezi miwili kabla, Machi 14. Kompyuta zilizohuishwa hazikupenyeka kwa njia ile.

Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya Ireland. Machi 18, mtumishi mmoja wa huduma ya afya ya taifa alifungua kiambatisho cha barua pepe. Wahalifu walikaa ndani ya mtandao kwa takriban wiki nane, na Mei 14 wakafunga mifumo ya hospitali nchi nzima. Madaktari walirudi kwenye karatasi na kalamu, na matibabu ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani yalikatizwa. Siku sita baadaye wahalifu walitoa ufunguo bila malipo. Hata hivyo, ilichukua hadi Septemba kurejesha seva zote, kwa kuwa kila moja ilipaswa kufunguliwa, kusafishwa na kukaguliwa. Tathmini huru iliyofanyika baadaye ilionesha kuwa programu ya kinga katika kompyuta ya kwanza kuambukizwa iliona dalili za uvamizi mwishoni mwa Machi, lakini ilikuwa imepangwa kuangalia tu bila kuzuia. Onyo lilikuwepo wiki sita kabla ya hasara.

Barani Afrika, tukio lenye mafunzo makubwa ni la Afrika Kusini. Juni 22, 2024, mifumo ya maabara ya taifa ya afya, inayohudumia takriban asilimia 80 ya wananchi wa nchi hiyo, ilishambuliwa. Wahalifu walifuta sehemu za mfumo, zikiwamo seva za akiba. Mashine za kupima ziliendelea kufanya kazi na wataalamu walikuwepo, lakini majibu hayakuweza kufika kwa madaktari kwa njia ya mfumo. Majibu ya dharura yalipaswa kusomwa kwa simu, moja baada ya jingine, wakati nchi ikikabiliana pia na mlipuko wa homa ya nyani.

Mwezi huo huo, Juni 3, kampuni inayotoa huduma za maabara kwa hospitali kadhaa za London, Synnovis, ilikuwa imeshambuliwa. Miadi zaidi ya 10,000 iliahirishwa. Kwa kuwa kulinganisha makundi ya damu kulichukua muda mrefu kuliko kawaida, wananchi wenye damu ya kundi O, ambayo inaweza kutumika kwa wagonjwa wa makundi mengine wakati wa dharura, waliombwa kujitokeza kuchangia. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Juni 2025, mamlaka ya hospitali ya King's College ilithibitisha kuwa mgonjwa mmoja alifariki dunia wakati wa shambulio hilo, na kwamba kuchelewa kwa majibu ya damu kulikuwa miongoni mwa sababu zilizochangia kifo chake.

Nchini Kenya, mwezi Aprili 2023, kampuni ya maduka makubwa ya Naivas iliutangazia umma kuwa imeshambuliwa na wadai kikomboleo na kwamba baadhi ya taarifa zake zilichukuliwa. Uhalifu huu, kwa hiyo, si wa mbali na mipaka yetu.

Je, kulipa kunasaidia?

Swali hili huulizwa na kila kiongozi anayekutana na ujumbe wa mhalifu kwenye skrini. Mfano wa Marekani unatoa jibu. Februari 2024, kampuni ya Change Healthcare, inayochakata madai ya bima ya afya, ilishambuliwa kupitia mlango wa kuingilia ukiwa mbali ambao haukuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Kampuni mama ililipa kikomboleo cha dola milioni 22. Fedha zilikwenda, lakini taarifa hazikuwa salama: kundi jingine lilijitokeza likidai kuwa bado linazo, na likaanza kudai upya. Watu walioguswa na uvujaji huo walifikia zaidi ya milioni 190.

Mfano wa upande wa pili ni wa kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro ya Norway. Iliposhambuliwa Machi 2019 ilikataa kulipa, ikautangazia umma yaliyotokea, na ikarejesha mifumo yake kutoka katika nakala za akiba. Gharama ilikuwa kubwa na kazi ilichukua wiki nyingi, lakini viwanda viliendelea kuzalisha kwa sababu wafanyakazi waliweza kuendesha mitambo kwa mkono na kusoma oda kwenye karatasi.

Matukio haya mawili yanafundisha jambo moja. Anayenunua ufunguo hununua ahadi ya mhalifu. Anayeweza kufanya kazi bila kompyuta iliyofungwa, na mwenye nakala ambayo mhalifu hakuifikia, hana sababu ya kununua.

Mazingira ya Shinyanga na Geita

Mikoa ya Shinyanga na Geita ina sababu za pekee za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Hospitali zake huhudumia wakazi wa mijini na vijijini pamoja na watu wengi wanaohamahama kufuata dhahabu, kutoka Nyarugusu na Rwamgasa hadi Kakola na Mwime. Mchimbaji mdogo anaweza kuanza dawa za kifua kikuu Geita na kuzimalizia Kahama. Kwa mtu wa namna hiyo, kumbukumbu iliyohifadhiwa vizuri ni sehemu ya matibabu. Ikifungwa, daktari wa pili huanza upya.

Aidha, wagonjwa mahututi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Ajali ya kufukiwa na kifusi kwenye duara haisubiri seva irejeshwe. Mgonjwa lazima asafiri na maelezo yake, na hospitali inayompokea lazima iweze kuyasoma.

Vilevile, uchumi wa mikoa hii unaendeshwa kwa mifumo. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, mgodi wa almasi wa Mwadui, masoko ya madini na halmashauri zinazokusanya mapato, zote hutegemea kompyuta. Desemba 27, 2022, kampuni ya Copper Mountain Mining ya Kanada ilishambuliwa na wadai kikomboleo ikalazimika kusimamisha kinu chake cha kusaga mawe kwa tahadhari hadi mwanzoni mwa Januari. Hatari hiyo haiishii kwa kampuni kubwa. Mwenye duka la kununua dhahabu, shule, saccos au zahanati binafsi anayehifadhi hesabu zake zote katika kompyuta mpakato moja, bila nakala, yuko katika hatari ile ile.

Wachimbaji wa mikoa hii wanalielewa somo hili kuliko watu wengi. Si salama kushuka kwenye duara lenye njia moja ya kutokea, wala kungoja ukuta uanze kudondosha udongo ndipo yawekwe magogo ya kuushikilia. Mfumo wa taarifa unahitaji uangalifu wa aina hiyo: njia ya pili ya kutokea, iliyoandaliwa mapema.

Sheria na vyombo vinavyohusika

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa jinai kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, kuharibu au kuzuia taarifa, na kuvuruga utendaji wa mfumo. Matendo hayo ndiyo hatua za shambulio la kikomboleo. Jeshi la Polisi hupokea taarifa za makosa hayo na kuyapeleleza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Taasisi inayokusanya au kuchakata taarifa hizo inapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuzilinda, na kuiarifu Tume bila kuchelewa usalama wake unapovunjwa. Tume hiyo ilizinduliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, Aprili 3, 2024. Mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, kuomba zirekebishwe pale zinapokosewa, na kulalamika kwa Tume.

Kwa upande wa taasisi za umma, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, inayosimamia viwango na usalama wa mifumo ya Serikali. Timu ya taifa ya kuitikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa tahadhari na kusaidia kuratibu hatua za kukabiliana na mashambulio.

Wajibu wa taasisi

Kwanza, nakala za akiba. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kuwa na nakala tatu za taarifa, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine pasipounganishwa na mtandao. Nakala iliyounganishwa na seva muda wote itafungwa pamoja na seva, kama Afrika Kusini ilivyoshuhudia akiba zake zikifutwa. Jambo linalosahaulika zaidi ni majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa na kusomeka ni dhana tu. Ratiba ya kuijaribu iandikwe, na anayehusika atajwe.

Pili, mpango wa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila wodi iwe na fomu zilizochapishwa za kusajili mgonjwa, kuagiza vipimo, kuandika dawa na kutoa rufaa. Watumishi wafanye zoezi la kutumia fomu hizo kwa saa chache angalau mara moja kwa mwaka. Mtumishi aliyeajiriwa wakati mfumo wa kielektroniki umekwisha kuanza huenda hajawahi kumpokea mgonjwa kwa kalamu. Namba za simu za maabara, benki ya damu, gari la wagonjwa na hospitali za rufaa zibandikwe ukutani, kwa sababu siku ya tukio zile zilizohifadhiwa kwenye kompyuta hazitasomeka.

Tatu, nywila binafsi kwa kila mtumishi na uthibitisho wa hatua mbili kwa kila anayeingia katika mfumo akiwa mbali. Anayehama kituo au kustaafu aondolewe katika mfumo siku hiyo hiyo.

Nne, masasisho kwa wakati, na kuzitenga mashine za zamani zisizoweza kuhuishwa katika mtandao wao wenyewe, ili kompyuta ya mapokezi ikiambukizwa isiambukize mashine ya mionzi.

Tano, utaratibu wa kutoa taarifa bila hofu. Mtumishi aliyefungua kiambatisho chenye shaka akijua kuwa atasutwa mbele ya wenzake, atanyamaza. Saa anazonyamaza ndizo mhalifu anazozihitaji. Anayetoa taarifa mapema ashukuriwe. Shambulio likigundulika, kompyuta zilizoathirika zitenganishwe na mtandao mara moja, lakini zisifutwe, kwa kuwa zina ushahidi. Ofisa wa TEHAMA, uongozi, TZ-CERT na Polisi waarifiwe. Taasisi za umma ziwasiliane pia na e-GA, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iarifiwe pale taarifa za watu zinapohusika.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi hana mamlaka juu ya seva ya hospitali, lakini anaweza kupunguza madhara kwake na kwa familia yake. Ahifadhi kadi ya kliniki, cheti cha rufaa na majibu ya vipimo vyake. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kama kisukari, shinikizo la damu au selimundu, ajue au aandike jina la dawa anayotumia, kipimo chake na dawa zinazomdhuru. Karatasi moja ndani ya pochi inaweza kujibu swali ambalo mfumo uliofungwa hauwezi kulijibu.

Mwananchi akiambiwa kuwa mfumo haufanyi kazi, aulize utaratibu wa karatasi unaotumika badala ya kuondoka bila huduma, hasa kwa mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa wa dharura. Hata hivyo, si kila hitilafu ni shambulio. Mara nyingi ni umeme au intaneti. Kusambaza uvumi kwamba hospitali imedukuliwa huwafanya wagonjwa wakae nyumbani, na madhara yake yanaweza kuwa sawa na ya shambulio lenyewe. Taarifa sahihi itafutwe kwa uongozi wa hospitali au ofisi ya mkoa.

Baada ya uvujaji wa taarifa popote, hufuata matapeli. Mtu anaweza kupigiwa simu na asiyemfahamu anayetaja jina lake, hospitali aliyotibiwa na hata ugonjwa wake, kisha akamtaka atume fedha za matibabu ya ndugu yake. Kujua taarifa zako si uthibitisho kwamba anayepiga ni mtumishi wa hospitali. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba maalumu ya malipo, si kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu. Namba ya tapeli itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na mwananchi anaweza kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Watumishi wa umma nao ni wananchi. Anayetumia nywila moja kwa mitandao ya kijamii na kwa mfumo wa hospitali ameacha funguo mbili katika kishada kimoja.

Maandalizi hufanyika siku mfumo unapofanya kazi

Kutoka London hadi Afrika Kusini, madhara makubwa hayakutokana na kompyuta kufungwa pekee. Yalitokana na majibu kushindwa kumfikia daktari kwa wakati. Kwa hiyo kipimo cha utayari wa hospitali si ubora wa mashine zake tu. Ni jibu la swali moja ambalo mganga mfawidhi, mkurugenzi wa halmashauri na mjumbe wa bodi ya hospitali wanaweza kuliuliza wiki hii: mfumo ukizimika saa nane usiku, mgonjwa aliye wodini atapata dawa yake ya saa kumi na mbili asubuhi kwa utaratibu gani?

Hospitali yenye jibu lililoandikwa na kufanyiwa mazoezi, pamoja na nakala ya akiba iliyojaribiwa, itapata usumbufu siku hiyo lakini itaendelea kutoa huduma. Isiyo na jibu ianze kulitafuta sasa, kwa fomu, kwa majaribio na kwa namba za simu ukutani, kazi ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kanuni hiyo inaihusu pia hospitali yenyewe.